Shajara ya mradi: picha 43,618 za studio ya ami

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeanza leo. Ami amenikabidhi boksi la viatu lenye diski tatu za nje na flashi mbili, akasema, "Mwanangu, zipange." Basi. Kana kwamba ni viti vya ukumbini.

Chanzo cha yote ni bibi mmoja wa Pongwe aliyekuja dukani wiki mbili nyuma kutafuta picha ya marehemu mumewe. Kila kitu anakikumbuka: mzee alivaa koti jeusi juu ya kanzu, alisimama kushoto kwa bwana harusi, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Ilikuwa harusi ya mtoto wa dada yake. Mwaka ndio haukumbuki. Tulitafuta siku mbili, mimi na ami, tukifungua folda moja baada ya nyingine hadi macho yakauma. Hatukuipata. Bibi akasema "haidhuru, baba," akajitanda kanga yake akaondoka. Ile "haidhuru" ndiyo iliyomnyima ami usingizi. Mteja angegomba, pengine boksi la viatu lingebaki chini ya meza mpaka leo.

Nimehesabu: faili 43,618. Folda za juu ni 212. Nanakili baadhi ya majina kama yalivyo: harusi, arusi, HARUSI MPYA, harusi mpya 2, kamera ya zamani, usifute, usifute 2, usifute hii ndiyo yenyewe, za Muheza, za Muheza zilizobaki. Zipo folda 31 ambazo hazikupewa jina kabisa. Ndani yake kila kitu kinaitwa DSC na namba.

Sijagusa chochote. Kwanza nakala.

Jumanne, 4 Februari

Nimenakili vyote kwenye diski mpya kwa robocopy, amri ya kunakili ya Windows, usiku kucha. Umeme ulikatika mara moja, lakini amri ile ukiiita tena inaendelea ilipoachia, hairudii iliyokwisha kunakili. Asubuhi nikalinganisha nakala na asili kwa SHA-256, yaani kila faili inapigiwa hesabu inayotoa alama ndefu ya herufi na tarakimu. Baiti moja ikibadilika, alama yote inakuwa nyingine. Faili 12 kwenye flashi moja hazisomeki. Nimeziorodhesha.

Boksi la viatu limerudi kwa ami likiwa limefungwa kwa gundi ya karatasi, na nakala ya pili imekwenda kwa shangazi, Makorora. Nitafanya kazi kwenye nakala ya tatu tu. Ami ameuliza kwa nini tunahitaji tatu. Nimemjibu kwamba nyumba ikiungua, diski mbili zilizo kwenye kabati moja ni diski moja.

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya pacha. Nimezitafuta faili zenye alama sawa ya SHA-256, ambazo ni picha ileile baiti kwa baiti hata kama majina yanatofautiana. Nimepata 9,204 za ziada. Ami alikuwa na tabia ya kunakili kadi nzima ya kamera kila alipohofia virusi, kisha akanakili folda hiyo ndani ya folda nyingine. Kuna picha moja ya mtoto wa ubatizo iliyokuwepo mara 17. Mtoto huyo sasa ana ndevu.

Sikufuta. Nimezihamishia kwenye folda iitwayo `pacha` zikae mwezi mzima. Zimebaki 34,414, nazo nimezigawa kwa chombo kilichozipiga, kwa sababu kwa kawaida picha ya dijitali hubeba ndani yake jina la kamera: Nikon D40, kamera ya kwanza ya ami, 11,260, Nikon D7000 iliyokuja baadaye, 14,870, kamera ndogo ya paspoti 4,018, za WhatsApp 2,316, na picha za karatasi zilizoskaniwa 1,950.

Somo la siku, kwa yeyote mwenye Nikon: kaunta yake inaishia 9999 halafu inaanza upya 0001. Kwa hiyo DSC_0417 ninazo nne, na hakuna hata mbili zilizo pacha. Moja ni mahafali ya darasa la saba, moja ni keki, moja ni miguu ya mtu, moja ni watu wamesimama chini ya mwavuli. Ukiziweka folda moja kwa pupa na kubonyeza "ndiyo kwa zote", unabaki na moja, na huwezi kujua ni ipi.

Jumamosi, 8 Februari

Tumebishana juu ya jina. Mimi nilitaka tarehe ianze. Ami alitaka jina la mteja lianze, kwa sababu ndilo mteja analolisema akiingia mlangoni. Nikamwonyesha: tarehe ikiandikwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kompyuta ikipanga kwa alfabeti inakuwa imepanga kwa wakati, bila kuombwa. Ikianza siku, tarehe moja za miezi yote zinalala kitanda kimoja. Akatazama, akasema, "Sawa, lakini mteja hajui mwaka." Hapo amenishinda. Bibi wa Pongwe hakujua mwaka.

Mwafaka wetu:

`20110416_d0873_harusi_pongwe_0001.jpg`

Tarehe, namba ya shughuli katika daftari la ami, aina ya shughuli, mahali, na namba ya picha. Majina ya watu hayaingii kwenye jina la faili. Watu wanaolewa, wanaachana, na flashi zinazungukazunguka mitaani.

Herufi d mbele ya namba ya daftari ina kazi yake. Nikiandika 0873 peke yake, Excel inaila sifuri ya mbele na kuniachia 873. Ikiwa na d inaona ni maneno, inaiacha.

Na sifuri za mwisho, 0001 badala ya 1, nazo zina sababu. Windows yenyewe ina akili ya kujua kwamba 2 hutangulia 10, lakini televisheni za wateja hazina. Zinapanga herufi kwa herufi: 1, 10, 11, 12, kisha ndipo 2. Mwaka juzi mteja alilalamika kwamba kwenye televisheni yake bi harusi anaondoka ukumbini kabla hajaingia. Ami alidhani mteja ndiye mwenye matatizo.

Jumapili, 9 Februari

Orodha ya maneno ya shughuli. Nilidhani ni kazi ya nusu saa, imekula mchana kutwa.

Harusi au arusi? Tumechagua harusi, kwa kura mbili dhidi ya moja. Shangazi bado anasema arusi. Lakini harusi ni siku ngapi? Kuna nikahi, kuna kesha, kuna kumtoa bi harusi nje, kuna walima, na kwa wateja wa siku hizi kuna sendofu na kichen pati. Mteja akisema "picha za harusi" anaweza kumaanisha chochote kati ya hivyo. Kwa hiyo `harusi` ndilo neno la jumla kwenye jina la faili, na kipande chake tunakiweka kama lebo ndani ya picha, kwa programu ya digiKam, ambayo inaniruhusu kuchagua picha 300 na kuzipa lebo moja kwa mkupuo.

Mengine: ubatizo, komunyo, kipaimara, maulidi, hitima, msiba, mahafali, mkutano, familia, paspoti, mandhari. Ami alitaka pia `mengineyo`. Nimekataa. Najua `mengineyo` inavyonenepa.

Jambo moja shangazi amelisema nami sikuwa nimelifikiria. Picha za ndani, za singo na hina, bi harusi akiwa hajajifunika na wanawake wenzake wako huru, zilipigwa na yeye mwenyewe, na wenye picha walizitoa kwa sharti kwamba mwanamume hazioni. Sasa mimi ndiye nazipanga. Tumekubaliana hivi: folda zake 40 anaziorodhesha yeye kwenye karatasi, namba ya daftari na mahali, nami nazibadilisha majina kwa amri bila kufungua hata moja, vijipicha vya onyesho nimevizima. Lebo za ndani ataweka yeye. Mashine haitazami inachokipa jina, na kwa folda hizi hiyo ni sifa.

Jumatano, 12 Februari

Jaribio la kwanza kwa ExifTool, programu ya kusoma na kubadili maelezo yaliyo ndani ya picha. Jambo jema la programu hii ni kwamba ina jaribio la mdomoni: ukiandika TestName badala ya FileName, inakusomea ingeita nini bila kugusa kitu.

`exiftool -d %Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e "-TestName<DateTimeOriginal" D40`

Ile `-c` inaongeza namba pale picha mbili zinapogongana sekunde moja, na kwa mpigapicha wa harusi zinagongana sana. (Ukiihifadhi amri hii kwenye faili ya bat, yaani faili ya amri za Windows, kila alama ya asilimia lazima uiandike mara mbili tena. Imenigharimu saa nzima.)

Nimetumia DateTimeOriginal, saa iliyoandikwa ndani ya picha kamera ilipofyatua. Tarehe ambayo Windows inaonyesha kando ya faili haifai. Ile ya "kuundwa" hubadilika ukinakili faili kwa njia ya kawaida, kwa hiyo haisemi picha ilipigwa lini.

Nikapitia matokeo. Kuna kitu hakikai sawa kwenye D40. Picha ya futari: mkeka, uji, mihogo, watu wazima na kanzu zao, tende mkononi. Jina lililopendekezwa linasema saa 12:40. Hiyo kwa kompyuta ni saa sita na dakika arobaini mchana. Ramadhani! Nikamwita ami aje aone wateja wake wanavyokula mchana kweupe. Akacheka, kisha akanyamaza.

Nimelala na swali.

Ijumaa, 14 Februari

Nimelipata jibu, na nimelipata ukutani.

Kuna picha ya nikahi, ndani ya nyumba, walii na bwana harusi wameshikana mikono. Nyuma yao ukutani ipo saa ya duara. Nikaivuta karibu: mshale mfupi umeipita 4, mrefu uko kwenye 22 hivi. Saa kumi na dakika ishirini na mbili, alasiri. Nikaangalia ndani ya faili: 10:22:41.

Saa ya ukutani inaonyesha nne, mdomo unasema kumi, na kamera imeandika ulichosema mdomo.

Nikamfuata ami. "Ami, ile kamera ya kwanza, saa ulitega vipi?" Akajibu kama mtu anayeulizwa maji yanachemshwa vipi: "Nilitazama saa, ilikuwa saa tatu asubuhi, nikaandika tatu." Kamera ikaandika 03:00. Tangu siku hiyo ikaishi saa sita nyuma ya dunia yote, lakini sawa kabisa na Tanga. Futari ya 12:40 ni futari ya saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Hakuna aliyefungulia mchana.

Sikumcheka. Kamera haikumuuliza anahesabu kuanzia wapi. D7000 ilitegwa na binamu yangu, yeye aliandika 09:00, kwa hiyo hiyo ni salama. Kosa liko kwenye D40 peke yake, na ni kosa lenye adabu: saa sita kamili, siku zote. Lingekuwa linayumba tungeumia.

Jumamosi, 15 Februari

`exiftool "-AllDates+=6" D40`

Nikaiacha ikienda, nikaenda sokoni. Niliporudi ilikuwa imesimama: diski imejaa.

Sikusoma maelekezo vizuri. Kubadili jina ni kazi nyepesi, kama kubadili bango la duka bila kugusa bidhaa. Picha elfu kumi zinabadilishwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Lakini kubadili saa iliyo ndani ya picha ni kuandika faili upya, na ExifTool kwa uungwana wake huiacha ile ya zamani pembeni ikiwa na mkia `_original`. Picha 11,260, kila moja karibu megabaiti 3, na pacha yake. Nilikuwa nimebakiwa na gigabaiti 20.

Ubaya zaidi: sasa nusu ya folda imesogezwa na nusu bado, na ukiitoa amri ileile tena zile za kwanza zitasogea saa 12. Nimerudisha folda nzima kutoka nakala ya asili, nikaanza upya kwa `-overwrite_original`, maana nakala ninazo mbili kwingine. Imemaliza saa nne usiku. Futari iko 18:40. Nikahi iko 16:22, dakika ile ya ukutani.

Jumanne, 18 Februari

Kurekebisha saa kumefichua kitu kingine. Zamani, kwa sababu kamera ilichelewa saa sita, tarehe yake ilibadilika alfajiri, saa kumi na mbili. Usiku wote wa kesha ulikuwa chini ya tarehe moja. Sasa kwa kuwa saa ni sahihi, saa sita usiku inaupasua usiku katikati: ngoma iko tarehe 16, keki iko tarehe 17. Kwa jina langu zuri la faili, shughuli moja imekuwa mbili.

Nimeacha kukata kwa tarehe. Sasa skripti, yaani orodha ya amri niliyoiandikia kompyuta, inapanga picha zote kwa wakati na kutafuta pengo: kati ya picha moja na inayofuata zikipita saa sita bila kufyatuliwa kitu, hapo shughuli mpya imeanza, na shughuli yote inachukua tarehe ya picha yake ya kwanza. Imekata D40 vipande 517. Niliangalia 50 kwa macho, vitatu vimekosewa, vyote ni siku ambazo ami alitoka msiba wa asubuhi akaenda ubatizo wa mchana. Vimeunganika. Hakuna pengo la hesabu linaloweza kutenganisha vitu viwili ambavyo mtu amevifanya mfululizo.

Kisha daftari. Ami ana madaftari sita ya kaunta, kila shughuli na namba yake. Mimi nalinganisha tarehe ya kipande na tarehe ya daftari, nakopa namba. Kulikuwa na shughuli nyingi zinazopishana siku moja: daftari linasema Jumapili, picha zinasema Jumamosi. Nilianza kuilaumu kamera tena. Kumbe ami ameandika "usiku wa Jumapili", na kwa hesabu yake, ambayo ndiyo hesabu ya kila mtu mzima wa pwani, siku inaingia jua linapozama; usiku wa Jumapili ndio unaoitangulia Jumapili, yaani Jumamosi usiku. Mimi mwenyewe nasema hivyo nyumbani. Nilipokaa mbele ya kompyuta nilisahau.

Sheria imeongezwa kwenye skripti: ukiona "usiku wa", toa siku moja. Sheria hiyo peke yake imeoanisha vipande 88.

Mahali pengine ameandika "maulidi, mfungo sita", yaani mwezi wa sita baada ya Ramadhani, bila tarehe. Hayo nimeyatafuta kwenye kalenda ya Kiislamu kwa kila mwaka na kuyapachika kwa mkono.

Alhamisi, 20 Februari

Siku mbaya. Naandika ili nisirudie.

Jedwali langu lina safu mbili, jina la zamani na jina jipya, na skripti inalifuata. Nilitaka kuliona limepangwa kwa shughuli, nikachagua safu ya jina jipya, nikabonyeza panga. Excel ikaniuliza kama ninataka kupanua uchaguzi kwenye safu za jirani. Nikabonyeza kwa haraka, nikachagua isipanue. Safu moja ikajipanga, nyingine ikabaki palepale. Kila jina likawa limemkalia jirani.

Nilitekeleza. Mara moja, bila jaribio la mdomoni, kwa sababu lilikuwa jaribio la ishirini na nilishajiona fundi.

Aliyegundua ni ami. Alifungua folda ya harusi ya Korogwe, akakuta jeneza. Picha 340 za misiba zilikuwa zinaitwa harusi, na harusi zimetawanyika kila mahali. Hakusema neno. Alifunga kompyuta taratibu, akatoka nje, akakaa barazani.

Kilichoniokoa ni kwamba skripti huandika kumbukumbu yake yenyewe kila inapobadilisha: ilikuwa hivi, imekuwa hivi. Nikaigeuza kumbukumbu, mwisho kwenda mwanzo, yote yakarudi dakika nne. Kuanzia leo silifungui jedwali hilo kwa Excel isipokuwa kulisoma. Na skripti sasa haitekelezi mpaka inionyeshe majina 20 ya kubahatisha pamoja na picha zake, nami niandike neno `ndiyo` kwa mkono, herufi zote tano.

Jumamosi, 22 Februari

Ni Shaabani, mwezi unakaribia, kila mtu anaoza kabla ya mfungo. Ami na binamu wana harusi tatu wikendi hii, picha mpya 1,900 zinaingia wakati mimi nazipanga za 2009. Angalau hizi zinaingia kwa jina. Nimemtengenezea binamu folda ya `mapokezi`: anamwaga kadi, anaandika namba ya daftari, shughuli na mahali, kompyuta inafanya yaliyobaki. Saa za kamera zote mbili nimezitega mwenyewe kwa kutazama simu.

Za WhatsApp: zinaitwa kwa mtindo wa IMG-20190314-WA0007, na tarehe hiyo ni ya kupokelewa, si ya kupigwa. WhatsApp inafuta maelezo ya ndani, hakuna saa, hakuna kamera. Nimeziachia jina lao na kuongeza neno `wasap` mwisho, ili mtu asiamini tarehe. Zaidi ya hapo sihangaiki nazo.

Na kuna wageni 61 wanaodai wamepigwa picha Januari mosi, saa sita usiku na dakika zake. Betri ya saa ya kamera ilikufa, tarehe ikarudi mwanzo. Hao watangoja kikao cha ami.

Jumatano, 26 Februari

Kikao cha ami kimeanza. Baada ya Isha anakaa kwenye kiti cha plastiki, mimi naweka mbele yake kipande kimoja kimoja kati ya vile vilivyokosa daftari. Vilikuwa 139. Hatazami nyuso kwanza, anatazama mapambo. "Hilo pazia la zambarau ni la mpambaji wa Ngamiani, alinunua mwaka ule wa uchaguzi." 2010, basi. "Hizo taa ni ukumbi wa zamani kabla hawajaweka dari." "Huyo mpiga zeze alikufa, kwa hiyo ni kabla ya hapo." Mimi naandika. Kompyuta imenikatia vipande, lakini pazia la zambarau haliko kwenye maelezo ya ndani ya picha yoyote.

Kipande cha 23 jioni hii: DSC_0417, ile ya watu chini ya mwavuli. Ami akasema, "Muheza. Mvua ilitukuta, tukapigia barazani." Akaivuta karibu. Kushoto kwa bwana harusi, koti jeusi juu ya kanzu.

Tulikuwa tukitafuta Pongwe. Bibi anakaa Pongwe, harusi ilikuwa Muheza kwa dada yake. Hata majina yangu yote mapya yasingempata, kwa sababu mimi ningetafuta alikotoka mteja.

Sasa kila shughuli ina sehemu mbili za mahali, ilikofanyika na alikotoka mteja, na skripti imerudia 517 zote. Ilichukua dakika sita.

Ijumaa, 28 Februari

Bibi amekuja asubuhi na mjukuu wake. Zipo picha nne za pale barazani. Kwenye ya kwanza mwavuli umemkata mzee uso, kwenye ya tatu amefumba macho. Ya pili ndiyo. Ami ameichapisha inchi 8 kwa 10 na amekataa pesa.

Bibi hakuondoka. Aliomba tuiweke kwenye skrini iwe kubwa, akaanza kunionyesha kwa kidole: huyu mdogo wake marehemu, huyu mke wa kwanza wa fulani, huyu alikuwa dereva wa basi la Korogwe, huyu ndiye bwana harusi lakini sasa amenenepa. Nimeyaandika yote ndani ya picha yenyewe, kwenye sehemu ya maelezo, kushoto kwenda kulia, watu kumi na mmoja. Jina la faili sikuligusa.

Wa kumi na mbili ni mtoto mdogo pembeni, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Bibi alimtazama sana, akamwita mjukuu naye atazame. Hawakumjua.

Nimeandika: mtoto, kandambili mkononi.